Kuzitenga Spishi kwa Vipimo vya Mwili: Jinsi ya Kuchagua Njia ya Takwimu

Makala haya yana shabaha ndogo: kueleza kwa Kiswahili jinsi mtafiti achaguavyo njia ya takwimu anapotaka kuzitenga spishi za viumbe kwa sifa za miili yao. Jambo hili ni la wataalamu wa viumbe kwanza. Lakini lawahusu pia wale wachunguzao lugha, kwa sababu kazi ya kuchora mpaka baina ya vitu vinavyofanana ni moja, viwe viumbe au viwe lugha. Mifano mingi nimeichukua katika Mkoa wa Songwe na sehemu zilizo jirani nao, kwani pembe ile ya kusini magharibi ya Tanzania ina mengi ya kutufundisha katika habari ya mipaka.

Tuanze na lugha. Lugha ya wenyeji wa Tunduma huitwa Kinyamwanga. Ng'ambo ya mpaka, katika Nakonde ya Zambia, watu wale wale huitwa Wanamwanga. Majina ni mawili, na kila nchi huandika lake katika vitabu vyake. Lakini lugha ni moja. Mtu ajifunzaye kwa majina peke yake angehesabu lugha mbili mahali ambapo msikilizaji asikia moja.

Katika elimu ya wadudu limetokea jambo kama hilo. Mwaka 2003 alionekana katika Kenya, na baada ya muda mfupi katika Tanzania, inzi wa matunda ambaye hakuwa akijulikana katika bara hili. Inzi huyu hutaga mayai ndani ya embe na matunda mengine, na funza wake huyaozesha. Mwaka 2005 alipewa jina la kitaalamu Bactrocera invadens, kwa kuwa alidhaniwa kuwa spishi mpya. Miaka kumi baadaye, mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa njia nyingi, wataalamu walichapisha hukumu kwamba hakuwa mpya: alikuwa ni Bactrocera dorsalis, inzi wa Asia aliyekwisha kupewa jina tangu mwaka 1912. Kwa muda wote huo orodha za wadudu wanaozuiwa mipakani zilimhesabu mdudu mmoja kama wawili. Na kinyume chake hutokea pia, yaani jina moja kuficha spishi nyingi, kama tutakavyoona katika habari ya mbu.

Makosa ya namna hii si lazima yatokane na upungufu wa vipimo. Mara nyingi mtafiti huuliza swali moja, kisha akalijibu kwa njia iliyoundwa kwa ajili ya swali jingine. Neno langu kuu katika makala haya ni hilo: swali ndilo lichaguao njia. Njia iliyo maarufu, au iliyo nyepesi kwa kompyuta, yaweza kutoa jibu safi ambalo halikuulizwa na mtu.

Maneno tutakayoyatumia

Katika mazungumzo ya kila siku twasema aina, namna, jamii au kabila la mnyama, na maneno hayo hubadilishana nafasi bila ya kuleta udhia. Katika elimu hayafai kubadilishana. Vitabu vya shule vimekubali neno spishi, nami nalifuata. Maana yake iliyo ya kawaida ni kundi la viumbe wazaanao wao kwa wao na kupata wazao ambao nao wana uwezo wa kuzaa. Spishi zilizo karibu kwa asili hukusanywa katika jenasi moja.

Kielelezo ni mnyama, mdudu, mmea au mfupa mmoja uliopimwa. Sampuli ni jumla ya vielelezo vilivyokusanywa. Sifa ni jambo lolote la mwili liwezalo kutazamwa au kupimwa: urefu wa bawa, idadi ya magamba, rangi ya kifua. Mtawanyiko ni kadiri ambavyo vipimo vya kundi moja huachana na wastani wake. Na kila nitakapoandika kipimo cha mtawanyiko, nakusudia kile kipimo cha kawaida ambacho katika kundi lililo sawia huzunguka, upande huu na upande huu wa wastani, kama theluthi mbili za vielelezo vyote.

Kwanza tazama kama takwimu zahitajika

Mkulima wa mahindi katika Mbozi au Momba anajua viwavijeshi tangu zamani. Kiwavijeshi wetu wa siku nyingi huitwa na wataalamu Spodoptera exempta. Huja kwa makundi makubwa na kula majani waziwazi. Mwaka 2016 aliingia Afrika mwingine kutoka Amerika, Spodoptera frugiperda, naye aliripotiwa Tanzania mwaka 2017. Huyu tumemwita kiwavijeshi vamizi. Yeye hujificha ndani ya moyo wa mhindi, hata dawa iliyonyunyizwa juu ya majani yaweza isimfikie. Kwa hiyo kumjua ni nani aliyemo shambani ni jambo la chakula cha mwaka mzima.

Je, tumpime urefu? La. Kiwavi aliyekua wa spishi hii ngeni ana madoa manne meusi karibu na mkia, yamepangwa kama pembe nne za mraba. Yule wa zamani hana mpango huo wa madoa. Mtu mwenye macho mazuri na nuru ya kutosha amekwisha kumaliza kazi. Urefu ungempotosha, kwani kiwavi hukua kila siku, na mdogo wa spishi moja hulingana na mkubwa wa nyingine.

Basi sharti la kwanza ni kutafuta alama. Ikiwa ipo sifa ambayo kila kielelezo cha spishi moja kinayo, na kila kielelezo cha spishi ya pili hakina, takwimu za kutenganisha hazina kazi. Kinachobaki ni kuhakikisha alama hiyo kwa vielelezo vya kutosha, vya mahali pengi, vya jinsia zote mbili na vya umri mbalimbali. Kwa kuwa alama iliyoonekana katika vielelezo kumi vya kijiji kimoja yaweza kukosekana katika kijiji cha pili.

Tofauti ya wastani si tofauti ya kielelezo

Alama ikikosekana ndipo twageukia vipimo, na hapa pana mtego unaowanasa wengi. Tuueleze kwa nambari za kubuni. Tuseme spishi A ya inzi ina bawa lenye wastani wa milimita 6.0, na spishi B ina wastani wa milimita 6.6, na katika kila spishi kipimo cha mtawanyiko ni milimita 0.3. Mtafiti apima inzi 50 wa kila spishi na kulinganisha wastani kwa wastani. Katika ulinganisho huo shaka iliyomo katika tofauti ya wastani mbili ni milimita 0.06 tu, nayo tofauti yenyewe ni 0.6, yaani mara kumi ya shaka hiyo. Ataandika kwamba spishi hizi zatofautiana bila ya shaka yoyote, naye atakuwa amesema kweli.

Lakini mpe inzi mmoja, umuulize ni A au ni B. Mpaka wa haki kati ya wastani mbili ni milimita 6.3. Mpaka huo uko mbali na kila wastani kwa kipimo kimoja tu cha mtawanyiko, na sehemu ya vielelezo ipitayo umbali huo kwa upande mmoja ni kama 16 katika kila 100. Kwa hiyo atakosea mara 16 katika 100. Akiongeza sampuli hata kufikia inzi 5,000, wastani zitajulikana kwa uhakika zaidi, lakini makosa yale 16 hayatapungua, kwani yametoka katika miili ya inzi wenyewe na si katika uchache wao.

Haya si maneno ya darasani tu. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019, na magari ya mazao hupita hapo kwa wingi. Tuchukue kwamba mkaguzi wa mimea amepewa inzi 1,000, na kwamba spishi B, iliyo hatari, ni adimu: 10 tu katika hao 1,000. Akitumia mpaka wa milimita 6.3, katika wale 10 atawatambua kama 8. Lakini katika wale 990 wa spishi A, 16 katika kila 100 watavuka mpaka, nao ni kama 158. Jumla atawaita B inzi 166, na katika hao walio B kweli ni 8, yaani 5 katika kila 100. Kwa kila shehena iliyozuiwa kwa haki, karibu ishirini zitakuwa zimezuiwa bure, na matunda hayangoji.

Akisogeza mpaka juu, hata milimita 6.6, atapunguza sana shehena zinazozuiwa bure, lakini nusu ya inzi walio hatari watapita. Hapana hesabu iwezayo kuamua peke yake mpaka ukae wapi. Sharti kwanza ijulikane spishi ile ni adimu kiasi gani, na ipimwe hasara ya kila kosa: hasara ya mfanyabiashara ambaye mzigo wake waoza njiani, na hasara ya wakulima wa wilaya nzima ikiwa mdudu ataingia.

Makundi yakijulikana: uchambuzi wa kutenganisha

Kipimo kimoja kisipotosha, viwili au vitatu pamoja vyaweza kutosha. Njia iliyo mashuhuri kwa kazi hii ilichapishwa na Ronald Fisher wa Uingereza mwaka 1936. Alitumia maua 150 ya irisi, 50 ya kila moja ya spishi tatu, ambayo mengi yake yalikusanywa na Edgar Anderson, mtaalamu wa mimea wa Marekani. Katika kila ua vilipimwa vitu vinne: urefu na upana wa petali, na urefu na upana wa sepali, yaani yale majani ya nje yalindayo ua.

Spishi moja kati ya hizo, Iris setosa, haikuhitaji ujuzi mkubwa: petali yake iliyo ndefu kabisa ni sentimita 1.9, na iliyo fupi kabisa katika spishi ya pili ni sentimita 3.0. Hapa urefu wa petali ni alama, kama madoa ya kiwavi. Taabu ilikuwa katika Iris versicolor na Iris virginica, ambazo vipimo vyao huingiliana. Fisher alitafuta jinsi ya kuvichanganya vipimo vyote vinne katika nambari moja, kila kipimo kikipewa uzito wake, hata tofauti baina ya makundi iwe kubwa kadiri iwezekanavyo kwa kulinganishwa na mtawanyiko wa ndani ya makundi. Ukiitumia njia hii kwa maua yale, 147 katika 150 huingia mahali pake. Nitaiita njia hii uchambuzi wa kutenganisha.

Uchambuzi huu wafaa pale ambapo makundi yamekwisha kujulikana kwa ushahidi mwingine, nasi twataka kanuni ya kukipangia kielelezo kipya kundi lake. Una masharti, na mtafiti ayaangalie kabla ya kuanza. Mtawanyiko wa makundi uwe wa namna moja. Usipokuwa hivyo, hutumiwa ndugu yake ambaye huchora mpaka uliopinda badala ya mstari ulionyooka, naye hutaka vielelezo vingi zaidi. Sifa zikiwa mchanganyiko wa vipimo na za ndiyo au siyo, ni afadhali zile njia zikadiriazo moja kwa moja uwezekano wa kuwamo katika kundi, au zile zigawanyazo kwa maswali yafuatanayo kama matawi ya mti. Kadhalika, idadi ya vielelezo katika kundi lililo dogo kabisa ipite kwa mbali idadi ya sifa. Mtu apimaye sifa 20 katika vielelezo 12 ataona makundi yametengana vizuri ajabu, na utengano huo utakuwa wa bahati tupu.

Lipo na jambo la pili. Uchambuzi wa kutenganisha ni kama nyumba yenye vyumba vitatu ambamo kila mgeni hulazimishwa kulala katika kimoja. Ukiuletea ua la spishi ya nne, hautasema kwamba silijui. Utalitia katika chumba kilicho karibu. Dawa yake ni kuuliza kwanza kama kielelezo kiko karibu na kundi lolote. Kipimo kifaacho ni kile alichokieleza P. C. Mahalanobis wa India, katika mwaka ule ule wa 1936, cha kupima umbali wa kielelezo na kundi huku mtawanyiko wa sifa na uhusiano wao ukitiwa katika hesabu. Kielelezo kilicho mbali na makundi yote kiwekwe kando na kuchunguzwa upya.

Makundi yasipojulikana

Sasa tugeuze swali. Mtafiti ana inzi wa mahali mbalimbali, naye hajui kama ni spishi moja au mbili. Akiwapa majina mawili kwanza, kisha akautumia uchambuzi wa kutenganisha, atakuwa ameliweka jibu ndani ya swali: njia ile imeagizwa kutafuta tofauti kati ya makundi aliyopewa, nayo haitakosa kuipata japo ndogo. Hapo hutakiwa njia isiyoambiwa majina.

Iliyo ya kwanza ni uchambuzi wa vijenzi vikuu, ambao chanzo chake ni kazi ya Karl Pearson ya mwaka 1901. Njia hii hukusanya sifa nyingi katika mielekeo michache ibebayo sehemu kubwa ya mtawanyiko wote, na vielelezo huweza kuchorwa kama nukta juu ya karatasi. Nukta zikijigawa zenyewe, tuna sababu ya kutafuta zaidi. Lakini msomaji ajihadhari: mwelekeo wa kwanza aghalabu ni ukubwa wa mwili tu, na ukubwa hutokana na umri, chakula na jinsia. Waliokula vizuri na waliokula vibaya wataonekana kama makundi mawili. Kwa sababu hii vipimo hugawanywa kwa ukubwa wa mwili, au huchunguzwa umbo peke yake kwa kuweka nukta mahali maalumu, kwa mfano penye makutano ya mishipa ya bawa.

Njia ya pili ni uchambuzi wa makundi, ambao hukusanya pamoja vielelezo vilivyo jirani. Namna nyingine za uchambuzi huu humtaka mtafiti aseme mwenyewe anataka makundi mangapi. Akisema matatu, atapewa matatu, hata kama vielelezo vyote ni vya mama mmoja. Iliyo bora zaidi ni ile ilinganishayo dhana mbalimbali, yaani kundi moja, mawili au matatu, na kupima kama faida ya kuongeza kundi yashinda gharama yake. Muhimu ni kwamba jibu la "kundi moja" liwe miongoni mwa majibu yanayoruhusiwa.

Hapa wachunguzi wa lahaja wana neno la kusema. Mtu akilinganisha Kiamu cha Lamu na Kimakunduchi cha kusini ya Unguja, bila ya kusikiliza lahaja zilizo katikati, ataona pengo kubwa. Akipita pwani mji kwa mji, pengo hilo litagawanyika katika hatua nyingi ndogo. Katika mwaka 1980 Derek Nurse na Gérard Philippson walichapisha ulinganisho wa lugha za Kibantu za Afrika ya Mashariki kwa hesabu ya maneno ya msingi yanayoshirikiana. Hesabu kama hizo huonyesha ni lugha gani ziko karibu na zipi ziko mbali. Lakini asilimia yenyewe haisemi lugha moja yaishia wapi na nyingine yaanzia wapi. Vivyo hivyo kwa viumbe: sampuli iliyochukuliwa katika ncha mbili za nchi huzaa spishi mbili, na sampuli ya njia nzima yaweza kuonyesha spishi moja yenye kubadilika polepole.

Ndivyo ilivyokuwa kwa inzi wa matunda. Rangi ya kifua chake katika Afrika hubadilika sana, kutoka hudhurungi hata weusi, na kwa rangi peke yake mtu angeweza kubishana bila ya mwisho. Hukumu ya mwaka 2015 haikusimama juu ya kipimo kimoja. Yalitazamwa umbo la bawa na vipimo vya viungo vya uzazi, zikalinganishwa chembe za urithi, zikachunguzwa harufu ambazo madume hutoa wakati wa kujamiiana, na wakajaribiwa kuzaana. Ushahidi huo mbalimbali ulipoelekea upande mmoja ndipo majina yakaunganishwa.

Vielelezo vikiwa vichache

Mashariki ya Songwe, katika misitu ya Mlima Rungwe na ile ya Livingstone iliyo jirani, yuko nyani mdogo wa mitini ambaye wenyeji wa Rungwe humwita kipunji. Mwaka 2005 alitangazwa kwa ulimwengu wa elimu kwa picha na maelezo, kwani hapakuwa na mwili uliohifadhiwa, naye akatiwa katika jenasi Lophocebus. Baadaye alipatikana mmoja, dume kijana, aliyekufa katika mtego wa mkulima. Mwaka 2006, baada ya mwili huo kuchunguzwa, aliundiwa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Chembe zake za urithi zilionyesha kwamba yuko karibu na nyani wa nyikani, ingawa kwa sura na maisha ya mitini afanana na wale aliowekwa nao kwanza.

Fuvu la mnyama mmoja, tena kijana, haliwezi kulinganishwa na mafuvu ya watu wazima wa jenasi nyingine, kwa kuwa taya la nyani hurefuka sana akuapo. Ulinganisho wa haki ni kijana kwa vijana. Hata hivyo kielelezo kimoja hakina mtawanyiko, na pasipo mtawanyiko hapana uchambuzi wa kutenganisha. Kilichobaki ni kuuliza: je, kielelezo hiki chaweza kuingia ndani ya mtawanyiko wa makundi yanayojulikana? Hili si swali la mapambo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kwamba kipunji wote duniani walikuwa 1,117. Mnyama aliye spishi ya peke yake, na jenasi ya peke yake, hulindwa kwa bidii ambayo hangeipata kama angehesabiwa tawi la nyani wa kawaida.

Wachimbuaji wa mabaki ya kale wana uchache ulio mkubwa zaidi. Katika miamba ya Nsungwe, ndani ya Bonde la Ufa la Rukwa, yalipatikana mabaki ya wanyama wawili wa miaka kama milioni 25 iliyopita, yakatangazwa mwaka 2013. Wa kwanza, Rukwapithecus, ni wa ukoo wa masokwe, naye ajulikana kwa taya lenye meno kadhaa. Wa pili, Nsungwepithecus, ni wa ukoo wa tumbili na nyani, naye ajulikana kwa kipande cha taya chenye jino moja. Na katika miamba ya Galula yalichimbuliwa mabaki ya mnyama mkubwa wa zama za dinosaria, ambaye mwaka 2017 alipewa jina Shingopana songwensis. Jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.

Mabaki kama haya hupambanuliwa kwa alama: kifundo cha jino, umbo la pingili ya shingo. Takwimu huja kama mlinzi. Mtafiti apatapo meno machache yasiyolingana, hukigawanya kipimo cha mtawanyiko wao kwa wastani wao, kisha hulinganisha na mgawanyo huo katika spishi zilizo hai zilizo jirani. Mtawanyiko wa mabaki ukiwa haupiti ule wa spishi moja iliyo hai, hana haki ya kutangaza mbili. Ukipita, ana haki ya kushuku, baada ya kukumbuka kwamba katika spishi nyingi dume na jike hutofautiana kwa ukubwa.

Mwili unaponyamaza

Iko hali ambayo hapana njia ya takwimu itakayosaidia vya kutosha, na busara ni kuitambua mapema. Mbu Anopheles gambiae, aenezaye malaria, zamani alihesabiwa spishi moja. Katika miaka ya 1960 majaribio ya kuwazalisha mbu wa mahali mbalimbali yalionyesha kwamba baadhi yao wakizaana, watoto madume huwa tasa. Kumbe zilikuwa spishi kadhaa zenye sura moja. Katika Tanzania wamo Anopheles gambiae mwenyewe, Anopheles arabiensis, na Anopheles merus wa pwani apendaye maji ya chumvi.

Tofauti yao ni ya uhai na mauti. Gambiae hupenda zaidi damu ya watu na kupumzika ndani ya nyumba. Arabiensis huuma ng'ombe pia, na zaidi ya mwenziwe hupumzika nje, ambako dawa ya ukutani haimfikii. Mtu akipulizia nyumba zote na malaria isipungue, sharti ajue ni mbu yupi aliyebaki. Vipimo vya mwili vya mbu hawa huingiliana mno. Tangu mwaka 1993 imekuwapo njia ya maabara ya kuwatambua kwa chembe za urithi, na hiyo ndiyo itumikayo. Mtafiti akiona kwamba vipimo vyake, kwa njia tatu zilizochaguliwa vema, vyakosea mara nyingi kuliko kazi yake iwezavyo kuvumilia, asitafute njia ya nne. Atafute sifa nyingine.

Kuijaribu njia

Kanuni yoyote ya kutenganisha ijaribiwe kwa vielelezo ambavyo havikushiriki kuiunda. Kuipima kwa vielelezo vile vile ni sawa na kumtahini mwanafunzi kwa maswali ambayo amekwisha kupewa majibu yake. Ikiwa vielelezo ni vichache, kimoja hutolewa, kanuni huundwa kwa vilivyobaki, nacho hutahiniwa. Kisha hurudishwa na kutolewa kingine, mpaka vyote viishe. Majaribio bora kuliko yote ni ya vielelezo vya mahali pengine: kanuni iliyoundwa Morogoro ijaribiwe Mbozi kabla ya mtu kuitumia Tunduma.

Kwa faida ya wanafunzi naweka hapa utaratibu kwa ufupi:

1. Andika swali kwa sentensi moja. Je, wataka kujua kama makundi yapo, au wataka kukipangia kielelezo kundi lake?

2. Tafuta alama kabla ya vipimo.

3. Kusanya vielelezo vya mahali pengi, ukiandika jinsia, umri na mahali. Wadudu 20 wa tunda moja yaweza kuwa ni watoto wa mama mmoja. Usiwahesabu kama mashahidi 20.

4. Pima baadhi ya vielelezo mara mbili, siku mbalimbali. Kosa la mkono likilingana na tofauti unayoitafuta, acha kipimo hicho.

5. Makundi yasipojulikana, tumia vijenzi vikuu na ulinganisho wa idadi ya makundi, ukiruhusu jibu la kundi moja. Makundi yakijulikana kwa ushahidi mwingine, tumia uchambuzi wa kutenganisha au mmoja wa ndugu zake, kwa kadiri masharti yanavyotimia.

6. Jaribu kanuni kwa vielelezo vigeni. Toa idadi ya makosa ya kila upande, wala usitoe asilimia moja ya jumla, kwani spishi iliyo nyingi huficha makosa ya spishi iliyo adimu.

7. Hifadhi vielelezo mahali ambapo mwingine aweza kuvipima tena, na uchapishe vipimo vyenyewe pamoja na hukumu yako.

Hili la mwisho si dogo. Jina la spishi huandikwa katika sheria, katika orodha ya mpaka, katika mpango wa dawa na katika ramani ya hifadhi. Nalo likikwisha kuandikwa huko, hutumiwa na watu wasiopata kuuona mwili uliopimwa. Inzi wa matunda alirudishiwa jina lake kwa sababu wengine waliweza kupima upya na kulinganisha. Vipimo vikiwa havikuchapishwa, na vielelezo vikiwa vimetupwa, jina lililokosewa hukaa mahali pake kwa sababu tu hapana awezaye kulipinga.